Jiwe Langu Lilibaki Nje

Dirisha la chumba cha mdogo wangu pale Kariakoo lilitazama ukuta. Ukinyoosha mkono unaugusa. Ulikuwa ukuta wa jengo jipya la ghorofa, bado haujapigwa lipu, na mafundi walikuwa juu wanagonga kutwa, mchanga unadondokea kwenye ndoo zetu za maji. Mdogo wangu alisema zamani hapo palikuwa wazi na upepo ulipita. Mimi huo upepo sikuukuta. Nilikuta ukuta.

Nilikuja Dar es Salaam kwa wiki moja. Nilibeba kanga mbili na gauni moja, na miguuni nilivaa viatu vyangu vya kazi, maana sikuwa na vingine. Nikakaa miezi minne nasubiri kuambiwa jambo moja tu, kama bado nina kazi au sina.

Kazi yangu ilikuwa uaskari wa wanyamapori. Nalisema mapema kwa sababu watu wakinitazama sasa hivi, bibi kizee na mkeka wake, hudhani nimechanganya na kazi ya marehemu mume wangu. Sijachanganya. Nilikuwa askari kwenye pori la akiba huko kaskazini, nyika kavu, mahali ambapo mvua ikikosa msimu mmoja hakuna majani mwaka mzima. Kutoka kituoni hadi kijiji cha karibu ni siku nzima kwa mguu. Wanyama wa kule ni wale wanaovumilia kiu, choroa na swala twiga, na tembo wanaopita kwa msimu wakifuata mabwawa. Tulikuwa watu saba. Kazi ilikuwa kutembea. Unatoka siku tatu au nne, unaangalia nyayo, unaangalia maji yamefika wapi, unaangalia kama kuna mtu amewasha moto mahali pasiporuhusiwa. Ukikuta jambo unarudi unalisema. Usipokuta, unarudi unasema hujakuta.

Nilikwenda kule kama mke wa askari. Askari walipopungua mume wangu alinichukua kwenye doria, nikazijua njia za mabwawa ya upande wa juu kama ninavyoijua njia ya kisimani kwetu. Homa ikamuua mume wangu kabla gari la kituo halijafika kumchukua. Mkuu wa kituo alitakiwa kunitoa kwenye nyumba ya serikali. Hakunitoa. Yeye na mume wangu walianza kazi siku moja, na zaidi ya hapo, hakubaki mtu mwingine aliyezijua zile njia. Ila kwenye orodha ya kituo hapakuwa na nafasi ya askari mwanamke. Palikuwa na nafasi ya mpishi, na mpishi alikuwa ameshindwa na ukame, ameondoka. Basi mkuu akaniandika mpishi, akanikabidhi bunduki ya mume wangu.

Mimi kupika sijui. Mama yangu alinipigia kelele kwa hilo mpaka anaingia kaburini. Pale kituoni kila mtu alipika kwa zamu, na zamu yangu ikifika wenzangu walinuna. Mmoja wao alisema ugali wangu usitupwe, uwekwe wa kuzibia ukuta. Nikamwambia azibe mdomo wake kwanza.

Kila doria iliandikwa kwenye daftari, na daftari aliliandika mkuu mwenyewe. Majina ya askari aliyaandika yote. Jina langu hakuweza kuliandika, mpishi anafanya nini porini na bunduki, kwa hiyo aliandika "na mwenzao mmoja". Mimi kusoma nilijifunzia ukubwani, madarasa ya jioni ya watu wazima, nasoma polepole lakini nasoma. Niliyaona maneno hayo mwaka wa kwanza na sikuyajali. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na nyumba, nilikuwa na pori. Miaka tisa nilikuwa mwenzao mmoja.

Kitu ambacho hakikuwa kwenye daftari ni mawe. Kwenye kibaraza cha ofisi palikuwa na kopo kubwa la bati, na pembeni yake ubao. Kila askari alikuwa na jiwe lake. La mkuu lilikuwa jeupe. Langu lilikuwa jekundu lenye tundu pembeni, nililiokota bwawani. Ukiwa kituoni jiwe lako liko koponi. Ukitoka unalitoa mwenyewe unaliweka ubaoni, na ukirudi unalirudisha mwenyewe, hata uwe unatambaa kwa kuchoka. Ikifika magharibi ya siku uliyosema utarudi na jiwe bado liko nje, waliopo hawaulizani. Wanachukua maji na taa, wanatoka. Na jiwe la mtu haligusi mwingine, mpaka mwenyewe akuagize, au awe amekufa.

Mwaka wa nne mwiba ulinichoma mguu ukatokea upande wa pili, na kibuyu changu kikapasuka palepale nilipoanguka. Nilikaa chini ya mgunga jua zima. Sikuogopa. Nilijua jiwe langu liko ubaoni, na nilijua saa ya magharibi watalitazama. Wakaja. Mkuu ndiye aliyenibeba mgongoni, anakokota maneno ya kunitukana njia nzima kwamba mimi ni mzito kama nyati. Hilo nalo liandikwe, kwa sababu mengine nitakayoyasema juu yake si mazuri.

Ndipo miaka ile ikaja. Maduka yakafunguliwa, watu wakaruhusiwa kuleta kila kitu kutoka nje, na serikali nayo ikasema ina wafanyakazi wengi kupita kiasi, itawahakiki na wengine itawapunguza. Barua ikatufikia kituoni. Kila mmoja aende Dar es Salaam akaonekane mbele ya kamati, mmoja baada ya mwingine ili kituo kisibaki tupu. Nilitangulia mimi. Alfajiri ya kuondoka nilitoa jiwe langu koponi, nikaliweka ubaoni, nikasema narudi baada ya wiki.

Ofisi ilikuwa mjini, ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Kila asubuhi nilitoka Kariakoo nikavuka viwanja kwa miguu, nikakaa kwenye benchi la koridoni. Karani alikuwa binti mmoja mpole, kila siku ananipa shikamoo yangu, kila siku ananiambia faili langu halijaonekana, nije kesho. Nilizoea kungoja. Tumbili ukimngoja ashuke mtini unangoja. Lakini kungoja kwa porini macho yanafanya kazi. Pale macho yalikuwa yanasoma mlango.

Kurudi kwa mdogo wangu nako hakukuwa kupumzika. Chumba kimoja, yeye na binti zake wawili na mimi. Vyumba sita ndani ya nyumba ile, choo kimoja uani, unapanga foleni na ndoo mkononi. Barabarani kuanzia asubuhi marobota ya mitumba yanafumuliwa, redio za kila duka zinaimba wimbo wake, chupa za chai za rangi rangi zimepangwa mpaka mlangoni kwetu. Vijana wa kutoka kusini walitembeza saa na mikanda wameivaa mikono mizima. Kijana wa watu anakwambia mambo, mimi nimtazame, naambiwa sema poa. Sikuona poa ilikuwa wapi. Sikuwa na mahali pa kutupa jicho likaenda hatua hamsini bila kugonga mtu au bati. Usiku nililala nimekunja miguu, na mchana nilitembea nimeikunja vilevile, ndivyo nilivyohisi.

Mdogo wangu aliuza vitenge kwenye mkeka barabarani, na pia alifua nguo za familia moja ya Kihindu kwenye ghorofa la Mchafukoge, na nguo zilianikwa juu kabisa, darini kwenye sakafu wazi. Mwezi wa pili nikaenda kumsaidia. Nilipotokea juu kule nikasimama na beseni kichwani. Niliona bandari. Niliona makontena yamepangwa, na winchi, na nyuma yake bahari, na baada ya bahari hakuna kitu. Mdogo wangu aliniita mara tatu.

Toka siku ile nguo nilianika mimi. Nikimaliza nakaa kwenye kivuli cha tangi la maji naangalia. Mama mwenye nguo alipanda siku moja akanikuta, akaniuliza kila siku naangalia nini huko. Nikamwambia ndiyo kazi yangu, kuangalia. Alicheka mpaka akashika ukuta, akasema basi niangalie na shuka zake, wiki iliyopita imeibwa moja mpya. Nikaziangalia. Hazikuibwa tena. Lakini wapangaji wengine hawakuwa na mlinzi wa nguo, na wizi ulipozidi mwenye jengo akaweka kufuli mlango wa juu. Nguo zikaanza kuanikwa kwenye vibaraza. Nikarudi kwenye dirisha langu la ukuta.

Mwezi wa tatu ukielekea mwisho karani akaniita ndani. Faili limepatikana. Alikuwa amelifungua mbele yake na hakunitazama.

"Mama, wewe ni mpishi?"

"Mimi ni askari," nikamwambia.

Akaweka kalamu chini. Akainuka akafunga mlango. Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mama yake habari ya hospitali. Wapishi wote wa vituo wameondolewa, hiyo imeshapita, hakuna wa kuirudisha. Nikisema mimi ni askari, kamati itauliza ni nani alimpa mpishi bunduki ya serikali kwa miaka tisa, na ni nani aliyeandika daftari. Na daftari lina mwandiko wa mtu mmoja.

"Hilo neno usiliseme mle ndani kabla hujafikiri," akasema. "Nimeona nikwambie."

Nilimshukuru. Nilivuka Mnazi Mmoja narudi Kariakoo bila kujua navuka. Nikisema kweli namwangusha mkuu, na bado sina hakika kama nitainuka mimi. Nikisema mpishi, nimejitoa mwenyewe kwa mdomo wangu.

Mdogo wangu kwake jambo lilikuwa jepesi. Sema mpishi, dada, yaishe, ukae hapa tutandike mkeka wa pili wa vitenge. Nikamwambia mimi si muuza vitenge. Akanijibu, "Wala mpishi wewe si mpishi, sisi tumekula chakula chako." Binti zake wakacheka chini ya kanga. Nami nilicheka, halafu nikatoka nikaenda kusimama kwenye foleni ya choo sina haja ya choo, ili nisimame mahali peke yangu. Nyuma yangu walikuwa watu watano.

Siku nne kabla ya kamati yangu, mkuu akaja mjini. Kituoni yeye ndiye wa mwisho kuja kuhakikiwa, na la kwangu lilikuwa limecheleweshwa na faili. Alinikuta Mnazi Mmoja, nimekaa kwenye ukingo wa bustani nimevua viatu. Kazini mimi nilimwita afande na yeye aliniita kwa cheo ambacho sikuwa nacho, askari. Siku ile alisimama mbele yangu akasema, "Shemeji, umekonda." Toka mume wangu azikwe hakuwa ameniita shemeji. Nikajua amekuja na jambo.

"Wewe umenenepa," nikamwambia.

"Chakula cha safari." Akakaa. Watu walikuwa wanapita na mizigo, wengine wanaturuka miguu. Kisha akasema karani amemwambia kila kitu.

"Kesho naingia mimi, wiki ijayo wewe," akasema. "Ukisema niseme, nitasema. Nitawaambia nilikuandika mpishi nikakupa bunduki, na daftari ni langu."

"Halafu?"

"Halafu watanitoa."

"Na mimi watanirudisha?"

Aliangalia mikono yake. "Sijui, shemeji."

Alikuwa na watoto sita. Wa mwisho nilimpokea mimi mwenyewe kwa mikono hii, mkunga alikuwa umbali wa siku nzima. Mkewe alikuwa bado ananyonyesha. Yote hayo aliyajua kwamba nayajua, ndiyo maana hakuyataja. Hapo ndipo hasira iliponipanda. Kosa la kuandika ni lake, hofu ni yake, halafu uamuzi kanipa mimi, na ameuleta kwa heshima kiasi kwamba hata kumtukana sikuweza. Angekuja akaniomba ninyamaze, ningemkatalia. Angesema mwenyewe mbele ya kamati bila kuniuliza, ningemsifu mpaka leo. Alifanya la katikati.

Nilivaa viatu vyangu. Kamba za kushoto, kamba za kulia.

"Wewe jibu utakaloulizwa," nikamwambia. "La kwangu nitalijibu mimi."

Sikumwambia nitajibu nini. Alale nalo, nami nililala nalo.

Kamati ilikuwa watu watatu mezani. Wa katikati alivaa miwani na alikuwa na feni nyuma yake, karatasi zake zimewekewa kikombe zisiruke. Akaniuliza jina, akaniuliza kituo, akaniuliza muda. Halafu akauliza kazi yangu ni nini.

Sikukawia. Nilikuwa nimekawia siku nne, inatosha.

"Mpishi."

Akaandika. Kisha macho yake yakashuka chini ya meza, yakakaa kwenye miguu yangu. Viatu vile vilikuwa vya doria, soli imelika upande, kamba zimeungwa kwa ngozi.

"Mpishi, na viatu hivi?"

"Kule kuna miiba, mzee," nikasema. "Mpaka jikoni."

Wa kulia akatabasamu. Wa katikati hakutabasamu. Alinitazama kwa muda, na mpaka leo naamini alijua, au alianza kujua, na akaona siku yake bado ndefu na nje kuna benchi limejaa. Akauliza kama kutania, huko unapika nini zaidi.

"Ugali."

"Watu waliufurahia?"

"Waliulalamikia sana."

Hapo wakacheka wote watatu. Nikapewa karatasi nikaandika jina langu lote, herufi kwa herufi, na wa kushoto akastaajabu kwamba mpishi anajua kuandika. Yote hayo yalichukua chini ya robo saa. Miezi minne na robo saa.

Mkuu alikuwa ananingoja nje upande wa pili wa barabara. Hakuvuka, nilivuka mimi. Aliponitazama usoni akajua, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua mzigo, na hilo sikumsamehe siku ile. Labda sikulisamehe baadaye vilevile. Alianza kusema asante. Nikamkata.

"Jiwe langu liko ubaoni," nikamwambia. "Lirudishe koponi."

Mnakumbuka jiwe la mtu haligusi mwingine mpaka aagizwe. Nilikuwa namwagiza.

"Nitarudisha," akasema.

"Ukifika tu. Usingoje."

"Nikifika tu, askari."

Akaenda kupanda basi. Mimi nikarudi Kariakoo. Kituoni sikuwa na nyumba tena, nyumba ilikuwa ya mpishi, na mpishi ameondolewa. Kwetu wazazi walishakufa. Mdogo wangu alisogeza mkeka wake, nikatandika wa kwangu pembeni, vitenge na chupa za chai. Niliuza vibaya mwanzo. Mteja akishika kitu nilimwangalia kama jangili, mdogo wangu akawa ananifinya.

Miaka miwili baadaye dereva wa gari la kule alikuja mjini kuchukua vipuri, akaulizia mpaka akanipata kwenye mkeka. Alikuwa mgeni, aliajiriwa baada yangu, lakini alinipa shikamoo kwa kusimama wima. Alileta salamu za mkuu. Akanieleza mvua, akanieleza tembo, akanieleza nani kahama. Mwisho akasema kuna jambo anataka kuniuliza, lile jiwe jekundu lenye tundu ni langu?

Nikamwuliza liko wapi.

"Ubaoni, mama. Lipo siku zote. Askari mpya akifika anaonyeshwa, anaambiwa lile usiguse, lina mwenyewe."

Aliniletea habari ile kama zawadi. Nilimwona anangoja nifurahi. Na mimi nilikumbuka mgunga, mguu umevimba, kibuyu kimepasuka, na jinsi nilivyokaa bila hofu kwa sababu ya jiwe lilelile kwenye ubao uleule.

"Nisikilize," nikamwambia dereva. "Ukifika mwambie afande wako maneno haya, usiongeze. Jiwe likiwa nje na magharibi imefika, watu wanachukua maji wanatoka. Hawakai wakaliangalia. Kama hakuna anayetoka, alirudishe koponi kama nilivyomwagiza."

Akarudia maneno yote, hakukosea hata moja. Nikampa chai, akaenda zake.

Sijui kama alilirudisha. Hakuna aliyekuja kuniambia. Jioni ile nilikunja mkeka mapema, nikaingia chumbani, nikafunga dirisha, maana mafundi walikuwa wameanza ghorofa ya nne na mchanga ulikuwa unaingia ndani.